Bidoni Isiyo na Kitako

Saa tisa usiku, Nyawera, ghorofa ya pili,
feni za mashine zikaanza kuvuma kama mvua juu ya bati.
Nikatoa mkono dirishani.
Mkono ukarudi mkavu.

Mashine ni moja, chuma kimoja, nimekikaza mwenyewe kwa skrubu nne.
Ndani yake wamepanga saba:
koperative ya akiba, zahanati ya uzazi, duka la dawa,
shule yenye pointi za watoto,
na wengine ninaowajua kwa namba tu.
Kila mpangaji anadhani nyumba yote ni yake.
Ndivyo tunavyowadanganya, na ndiyo kazi yetu:
kuta za maneno, milango ya maneno,
na ukumbini swichi ya maneno,
inayopokea bahasha za wote na kuzigawa.

Saa kumi na moja wakanyamaza wote pamoja.

Hakikuibiwa kitu. Nilihesabu.
Akiba zipo, majina ya wajawazito yapo,
pointi za hesabu zipo, hata zile za aibu.
Mwizi gani huyu, anaacha kila kitu mahali pake
na kuondoka na mlango?

Saa mbili Mama Cibalonza alisimama dirishani pa koperative,
kitabu mkononi, gari la Uvira likimngoja.
"Rezo hakuna, mama."
"Pesa yangu iko wapi?"
"Iko."
"Basi nipe."
"Rezo hakuna."
Hakupiga kelele. Aliketi juu ya furushi lake, akasema:
kitu kilichopo na hakishikiki, kwetu tunakiita deni.

Nilimtafuta adui.
Nilimtaka awe mbali, awe na lugha ngeni, awe na sababu.
Nilipekua mstari kwa mstari, andazi moja hadi adhuhuri,
nikamkuta nyumbani: mpangaji wa tatu, shule,
kijana Akonkwa akijifunza kuandika programu yake ya kwanza.
Bahasha moja. Juu yake: urefu, sifuri.

Swichi yetu haikufundishwa sifuri.
Iliambiwa: soma urefu, piga hatua sawa na urefu, soma tena.
Ikasoma sifuri. Ikapiga hatua sifuri. Ikasoma tena.
Ikasoma sifuri. Ikapiga hatua sifuri.
Mara bilioni ngapi, sijui,
na kila mara kwa adabu.

Nikakumbuka bomba la Kadutu,
mwaka ule maji yalipokuja siku mbili kwa juma.
Nina miaka tisa, nyuma ya M'Kahasha.
Bidoni yake ilipasuka kitako, hakujua.
Mgawa maji, kijana mpole, alishika mpira akangoja.
"Haijajaa bado."
Sheria ya kazi yake ilikuwa hiyo: usiondoe mpira kabla haijajaa.
Maji yakapita kati ya vidole vyetu vya miguu,
yakateremka zake ziwani,
nasi foleni nzima tukangoja, bidoni kavu vichwani.

Mimi nilikuwa mfupi. Macho yangu yalikuwa sawasawa na kile kitako.
Niliona.
Sikusema.

Na onyo la swichi lilinifikia wiki tatu kabla,
pamoja na dawa yake. Nikalisoma mpaka mwisho.
Nikasema: Jumamosi.

Dawa ni mstari mmoja. Ukikuta sifuri, acha, mwite anayefuata.
Niliuweka kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.
Akonkwa akapiga simu: "Dada Nsimire, nimevunja kitu?"
Nikamwambia, wewe ulikuja na bidoni tu.

Saa kumi Mama Cibalonza alilipwa. Gari la Uvira lilikwisha ondoka.
Alihesabu mara mbili, akilamba kidole.
Noti ya mwisho, dola ishirini, ilikuwa na mpasuko pembeni,
mdogo, wa ukucha.
Akaiinua kwenye mwanga,
akairudisha chini ya kioo.
"Hii hapana."